Upande wa Pili wa Handaki

Habari za kifo cha Sadiki nililetewa nyumbani kwangu Kidahwe na muuza dagaa, ambaye hakujua kwamba ananiambia jambo. Alikuwa ananipimia dagaa kwa kopo, akasema leo amechelewa kwa sababu Ujiji kuna msiba, amefariki mzee mmoja wa Kibembe, fundi wa mitumbwi, na njia ya kushukia mwaloni imejaa watu. Nikamuuliza jina. Alipolitaja nilifunga dagaa wangu kwenye pembe ya kanga, nikaingia ndani nikakaa kitandani. Sikulia. Mtu uliyemwona kwa macho mara moja tu maishani mwako, utamlilia mbele ya nani, na akikuuliza alikuwa nani kwako utajibu nini? Kesho yake nilivaa nguo ya heshima nikaenda Ujiji. Walikuwa wameshazika. Nikaelekezwa kwenye chumba cha wanawake, nikavua viatu, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango kama mtu asiyejua nafasi yake iko wapi. Msichana mmoja aliniletea chai ya tangawizi na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Wanawake wakawa wanatazamana kwa macho ya kuulizana huyu ni wa upande gani wa ukoo, na mimi nikawa nakunywa chai polepole ili niwe na kazi ya kufanya.

Mjane, Mama Asha, alikuwa ndani ameshaanza kukaa eda, amejifunga nguo nyeupe. Nilipoingizwa kumpa pole aliniuliza kwa adabu, marehemu nimemjuaje. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja handakini, zamani, miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Akanitazama vizuri.

"Upande gani?" akauliza.

"Upande wa Kidahwe."

Akawaambia waliokaa karibu naye wasogee, akapiga mkeka kwa kiganja nikae. Kisha akasema, bila ya kupandisha sauti, "Basi wewe ndiye uliyekuwa ukiongea na sufuria."

Akanieleza kwamba mumewe alimsimulia kazi ile mara nyingi. Mdomo wa handaki upande wa mjini ulikuwa wa mawe, mwembamba kama shingo ya mtungi, na asubuhi upepo wa milimani unapoteremka kwenda ziwani ulikuwa unabeba kila neno lililosemwa upande wa juu na kulimwaga pale alipokaa. Alisikia vifuniko vya masufuria. Alisikia mtu akipiga chafya. Mwaka mzima alinisikia nikiongea, na aliona aibu kuniambia, kwa kuwa angeniambiaje, na kwa mdomo wa dereva gani kati ya waliopita mle? Mama Asha alisimulia haya akicheka kidogo, kama mtu anavyosimulia vituko vya mumewe, halafu akakumbuka kwamba mwenye vituko hayupo.

Nimesoma hadi darasa la nne, na sijawahi kuandika jambo refu. Lakini tangu siku ile mwaka ule wote umegeuka mikononi mwangu. Nilikuwa nimeuweka kama mwaka ambao nilikaa peke yangu mbele ya tundu la mawe. Sasa inanibidi niupitie upya, neno kwa neno, nikijua kwamba kulikuwa na mtu anasikia.

Handaki lenyewe lilikuwa la zamani kuliko sisi sote. Wazee walisema Mjerumani alipoleta reli Kigoma alikuta mabonde na vilima, akajaza bonde moja kwa udongo na mawe ili garimoshi lipite juu, na kwa kuwa bonde lile lilikuwa na kijito, akaacha tundu chini la maji kupita. Waliobeba mawe walikuwa watu wa kwetu na watu walioletwa kutoka mbali, na Waha wa vilima vile walikuwa na mahali walipopaonyesha kwa kidole wakisema hapa wamelala watu wa mawe, ingawa hapakuwa na alama yoyote. Baadaye kijito kikahama. Watu wakaanza kupita mle na mizigo ya chumvi na mawese, kisha baiskeli, kisha wakati wa Mwingereza magari madogo. Uhuru ulipokuja, malori ya mazao kutoka Kasulu yakawa makubwa, yakikwama mle hadi yashushe mzigo. Ikaamuliwa tundu lichimbwe upya, lipanuliwe, lirefushwe chini ya kilima hadi upande wa pili, magari mawili yaweze kupishana. Vibarua waliochimba walikuwa na hadithi yao nyingine, kwamba kuna handaki la siri linalotoka kwenye nyumba kubwa ya Mjerumani kule mjini hadi chini ya stesheni, na kwamba wakipiga sululu mahali pazuri watatokea humo wakute dhahabu. Walipata mfupa wa ng'ombe na kikombe cha bati. Kikombe kile kilifanywa cha kunywea maji, na kila aliyekinywea aliitwa Bwana Mkubwa kwa siku hiyo.

Kazi ilivyokuwa ikiendelea, nusu ya upana wa handaki ilikuwa inachimbwa na nusu inapitisha magari. Katikati palikuwa na kona, kwa hiyo aliyekaa mlango wa juu hakumwona aliyekaa mlango wa chini. Nyapara wetu, Lameki, aliwahi kufanya kazi ya reli, akaleta desturi ya huko. Kulikuwa na kijiti kimoja tu, kimepakwa rangi nyekundu, urefu wa mkono. Magari yakijipanga upande wangu, nayaruhusu yote yaliyofika kwa bendera ya kijani, na dereva wa la mwisho nampa kijiti. Dereva wa mwisho akifika chini anamkabidhi mlinzi wa kule, naye akikishika anajua njia ni tupu, anaruhusu ya kwake, la mwisho linakirudisha kwangu. Asiye na kijiti hafungui njia. Na mlinzi haachi kituo chake, hata kwa haja. Akibanwa anamwita mtu akae. Hayo ndiyo yalikuwa masharti mawili, na Lameki aliyasema kila Jumatatu kana kwamba hatujawahi kuyasikia.

Kazi hiyo haikuwa ya wanawake. Niliipata kwa sababu wanaume waliowekwa pale walikuwa wanatoroka. Mwezi ukiingia gizani dagaa wanapatikana, na kijana wa Kigoma ambaye anasikia kwamba ndugu zake wametoka na taa ziwani hawezi kukaa juu ya kilima ameshika fimbo. Lameki alipochoka akasema anataka mtu ambaye dagaa hawamwiti. Mimi nilikuwa nimekuja kambini kumsaidia mpishi kuosha vyombo. Nilikuwa mwanamke aliyerudishwa. Niliolewa Kasulu, nikakaa kwa mume miaka kadhaa, mtoto hakuja, nikarudishwa kwetu na sanduku langu, na nyumbani hakuna aliyenisema vibaya, ila kila sherehe ya mtoto ilipofanyika walinituma sokoni. Kambini hakuna aliyenituma sokoni. Lameki aliniuliza, "Wewe una pa kutorokea?" Nikasema sina. Akanipa kijiti.

Nilikaa kwenye kibanda cha mabati, kuta tatu na upande mmoja wazi, na nyuma yangu palikuwa na jiko la kambi. Jikoni alikuwa Mama Bukuru. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaa pacha, na kwetu wa kwanza wa pacha ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, na mama yao hubeba jina hilo kama cheo. Alikuwa mnene, mwepesi wa maneno, na usiku tulilala chumba kimoja cha udongo chenye vitanda viwili vya kamba na dirisha lililozibwa kwa gunia la saruji. Alipika ugali wa muhogo kwa pipa lililokatwa nusu, na maharage yenye mawese mengi hadi mchuzi unatoa rangi ya kutu. Asubuhi vibarua walipopita kuchukua uji aliwaamkia "Mwakeye" mmoja mmoja, na anayemdai uji wa ziada alimwambia nenda kachimbe dhahabu kwanza. Kati ya lori na lori kulikuwa na saa nyingi zisizo na kitu. Nilisaidia kukwangua masufuria huku nikisikiliza njia, na Mama Bukuru akienda kisimani mimi nilibaki nikiongea peke yangu. Ni kweli. Niliongea na sufuria. Niliiambia iliyoungua kwamba imeungua kwa uzembe wake. Niliimba nyimbo za kanisani nikichanganya beti. Niliongea pia na mtu wa upande wa pili, ingawa niliamini hanisikii, kwa sababu mtu akiwa mahali peke yake huchagua mmoja wa kumwambia. Nilimwambia, "Leo umechelewesha, kaka, nina malori matatu hapa na madereva wananitukana kwa macho." Mambo ya namna hiyo.

Kwake sikusikia chochote. Upepo wa asubuhi ulichukua kwangu ukapeleka kwake. Jioni upepo wa ziwani ulipanda, lakini yeye hakuwa mtu wa kuongea na hewa. Nilichokijua juu yake nilikipata kwa madereva, hasa dereva mmoja wa lori la maharage waliyemwita Kidevu, ambaye alipeleka maneno kama anavyopeleka magunia, bila kuyafungua. Aliniambia kule chini yupo kijana wa Kibembe, wa Ujiji, haendi ziwani. Vijana wenzake wanamtania kwamba yeye ni samaki wa nchi kavu. Kaka zake wawili walizama siku moja, mtumbwi mmoja, na tangu siku hiyo mama yake alimkataza kukanyaga maji. Ndiyo maana Lameki alimpenda. Alikuwa amepata watu wawili ambao dagaa hawawaiti.

Siku moja kijiti kilikuja kimefungwa jani la mgomba, na ndani kulikuwa na mgebuka wa kuchoma, bado una joto. Kidevu akasema, "Mimi sijui lolote, nimepewa fimbo, nimeleta fimbo." Nilikula nusu, nusu nikampa Mama Bukuru, ambaye alinyonya kichwa cha samaki akasema mwanamume anayechoma samaki bila kumuunguza mkia si wa kuachwa akae chini ya reli. Nami nikafunga viazi vitamu. Yeye akatuma sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mama yake. Ikawa hivyo. Madereva waliona ni mchezo, wakaanza kuuliza leo posho iko wapi. Sasa ninapokumbuka naona jambo ambalo wakati ule niliona ni bahati tu. Nilipokuwa nimelalamika kwa sufuria kwamba nina kikohozi, kesho yake ilikuja ndimu na kipande cha asali ya sega. Nilipomwambia Mama Bukuru kwamba nimechoka na maharage, ulikuja samaki. Niliwaza kwamba mtu huyu moyo wake na wangu inakwenda pamoja. Kumbe alikuwa ananisikia. Sijui kama ukweli huo ni mdogo kuliko nilichodhani, au ni mkubwa zaidi.

Watu huniuliza, wale wachache niliowahi kuwagusia jambo hili, kwa nini tusionane tu. Kulikuwa na njia ya juu, unapanda kilima, unavuka reli, unateremka upande wa mjini, mwendo wa kupoza chai. Kazi ikiisha jioni ningeweza kupanda. Jibu la kweli ni kwamba niliogopa. Akiniona ataniuliza, na akiuliza nitamwambia. Nilipenda kuwa mtu ambaye bado hajaulizwa. Mama Bukuru alijua. Asubuhi moja tukimenya muhogo aliniambia, "Vero, wewe unamficha nini yule kijana?" Nikamwambia simfichi, hajauliza tu, lakini siku akiuliza atajua kwamba anatuma samaki kwa mti usiozaa. Nilisema maneno hayo hasa. Nilieleza na habari za Kasulu, dawa nilizonyweshwa, mama mkwe aliyekuwa akinipisha mlangoni kana kwamba nitamwambukiza. Nililia kidogo, tukaendelea kumenya. Ilikuwa asubuhi, upepo unateremka.

Baada ya hapo, si mara moja, ila baada ya hapo, alikuja shangazi yake. Alifika kwa lori la Kidevu, amekaa mbele, ameshika kijiti chekundu wima mapajani kama mwenyekiti wa tawi aliyeshika bendera. Alikuwa mwanamke mrefu wa Ujiji, kanga mbili, mdomo mwekundu wa tambuu. Alinikabidhi kijiti kwanza, akasema, "Chukua amana yako, mwanangu," kisha akakaa kwenye jiwe, akanisubiri niruhusu magari yangu, akaniambia ametumwa. Desturi inataka aende kwetu, na angekwenda, lakini mpwa wake amesema kwanza aulizwe mwenyewe. Akataka kujua kama nina mtu. Akataka kujua kama nitakubali kuwa Mwislamu. Nilimwambia hilo nimeshaliwaza na sijaona kwamba Mungu atanipoteza kati ya Kigoma na Ujiji. Akacheka, akatema tambuu pembeni. Hapo nikamwambia lile jingine. Nilimwambia mimi ni wa kurudishwa, sizai, na nikamwomba alibebe neno hili kama lilivyo, asilipunguze njiani. Shangazi hakubadilika uso. Alisema, "Umefanya vizuri kusema. Wengi husemewa." Alipanda lori lililokuwa linashuka, na kijiti nilimpa yeye ashike.

Kisha kijiti kikawa kinakuja kitupu. Gari baada ya gari, siku baada ya siku, kimekauka, hakina jani wala uzi. Mimi pia sikufunga kitu, maana nitafungaje kabla ya jibu? Kidevu hakutania tena. Mama Bukuru alipika na hakuniuliza, na kwa mtu wa maneno yake huo ulikuwa msiba. Nilijiambia jibu limeshafika: kutojibiwa ni jibu. Lakini nilikuwa bado naongea. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba zile siku niliongea zaidi. Niliuambia ule mlango wa mawe kwamba sikasiriki, ila nashukuru nikiambiwa.

Alikuja asubuhi, kwa miguu, kutoka ndani ya handaki. Nilisikia viatu kwanza, nikadhani ni kibarua. Akatokea mtu mfupi kuliko nilivyomweka mawazoni, mabega mapana, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, na mkononi ameshika kijiti. Tulitazamana. Akakinyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Nyuma yangu hakuna gari," akasema, kama wanavyosema madereva.

Nikakipokea. Nafikiri yeye aliona hajavunja sharti kubwa. Kijiti alikuwa nacho, na mwenye kijiti ndiye mwenye njia. Mtu yeyote aliyefanya kazi ile miezi mingi angewaza hivyo, kwa kuwa kijiti kilikuwa kimeshakuwa ndiyo ulinzi wenyewe, tukasahau kwamba kule kilikotoka lazima abaki mtu.

"Shangazi ameniletea maneno," akasema. "Nimekuja kuyasikia kwako."

"Ni hayo hayo, kaka. Niliolewa, sikuzaa, nikarudishwa. Sikutaka uje uambiwe na watu baadaye."

Akainamisha kichwa. Alikuwa na vumbi la saruji kwenye kope. "Mimi kwetu nimebaki peke yangu," akasema. "Kaka zangu unajua. Mama anasema..."

Basi la Kasulu lilikuwa limesimama nyuma yangu, nami sikulisikia likija. Dereva akapiga honi ndefu. Na mimi, ambaye nilikuwa nimelisubiri neno hili kila siku, niliona nimeshalipata. Amebaki peke yake. Mama yake anataka wajukuu, na nani angemlaumu? Niliona nimpunguzie kazi ya kulimaliza.

"Nimekuelewa, kaka," nikasema. "Rudi kituoni kwako."

Nikageukia basi. Machozi yalikuwa yamejaa nisione vizuri, na mkono wenye bendera ya kijani ulikuwa umeanza kupanda, kwa mazoea tu, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na kijiti. Ulipofika kifuani nikakumbuka kwamba kijiti hiki hakikuja na gari. Kimekuja na mlinzi. Kule chini hakuna mtu. Nikaushusha.

Dereva akatoa kichwa. "Dada, fimbo si hiyo unayo? Fungua."

"Ngoja."

"Nimngoje nani?"

"Ngoja tu."

Utingo akawaambia abiria kwamba dada anamngojea bwana arusi, na basi zima likacheka, na baadhi wakamtazama Sadiki aliyesimama ukingoni mwa mtaro mikono imening'inia. Hawakuwa wamemaliza kucheka handaki lilipoanza kunguruma. Lori la saruji lilitokea kwenye kona, halina taa, limejaza njia yote, likapita mbele ya pua ya basi na kwenda kusimama juu ya kokoto. Dereva wake alishuka akauliza mlinzi wa chini yuko wapi, amepiga honi hakuna mtu, akaona njia kimya akaingia. Ndani ya basi mtoto alikuwa analia, na mama yake alikuwa anasema "Basi, basi, basi," pole pole.

Sadiki aliondoka kwa njia ya juu. Alipanda kilima bila kugeuka, akavuka reli, nikamwona amesimama kidogo juu ya tuta, halafu sikumwona. Nilisubiri hadi niliposadiki kwamba ameshafika kituoni, nikampa dereva wa basi kijiti. Hakikuwa na kitu.

Habari ilimfikia Lameki kabla ya chakula cha mchana, kwa vinywa vya abiria. Alinijia akiwa ametulia, na kwake utulivu ulikuwa ndiyo hasira. Aliniuliza Sadiki alifuata nini kwangu. Nikamwambia alikuja kuniuliza neno. Neno gani? Nikamwambia ni letu sisi wawili. Akasema angewazika watu wangapi kwa neno hilo, na nikamjibu kwamba najua, na lile basi nililizuia mimi. Akakubali hivyo. Sadiki alifukuzwa siku ile ile. Kule chini aliwekwa mzee mmoja mstaafu wa bandari, na kijiti kikawa kinakuja kama kijiti.

Na mimi nikaacha kuongea. Sikuamua, ila maneno yaliisha. Nilikwangua masufuria kimya, nikaruhusu magari kwa bendera, nikamjibu Mama Bukuru kwa kichwa. Alisema nimekuwa jiwe, hata vyombo vinaniulizia. Kazi ilipokamilika walikuja wakubwa, ngoma ikapigwa, ikasemwa kwamba kile ambacho mkoloni alikijenga kwa viboko wananchi wamekijenga kwa kujitegemea, na magari mawili yakapishana mle ndani huku watu wakipiga makofi. Hapakuhitajika tena mlinzi wala kijiti. Mwaka ule ule tulihamishiwa kijiji cha Ujamaa, nikapewa kiwanja kwenye mstari, nikajenga chumba kimoja na baadaye cha pili. Nilisikia Sadiki amejifunza kuunda mitumbwi, ya wengine kupanda. Nilisikia ameoa. Mimi sikuolewa tena, wala sitasema ni kwa ajili yake. Nilizoea tu.

Nilirudi Ujiji kwenye arobaini. Safari hii sikukaa mlangoni. Mama Asha alituma mtu anichukue, tukakaa wawili chumbani mwake huku nje wanapakua pilau. Watoto wao saba walikuwa wanaingia na kutoka, wengine wana mvi. Alinisimulia mengine. Alisema Sadiki alipofukuzwa hakwenda nyumbani. Kila asubuhi alipanda kule akakaa karibu na mdomo wa handaki, na yule mzee wa bandari hakumsumbua, wakawa wanakaa wote wawili. Alikaa hivyo wiki nyingi, mpaka Lameki alipomkuta akamtimua.

"Alikuwa anakungoja useme," Mama Asha alisema. "Lolote. Aliniambia, ningesikia hata anagombeza sufuria, ningepanda. Akaona umenyamaza, akajua hutaki kumsikia tena." Alikuwa anakunja pindo la nguo yake nyeupe na kulikunjua. "Ungesema, mimi nisingeolewa nyumba hii. Lakini nimeshazeeka, naweza kuuliza. Kwa nini ulinyamaza?"

Sikumwuliza neno la mama mkwe wake, ambalo Sadiki hakulimaliza siku ile, lilikuwa nini. Nilimjibu alichouliza.

"Nilidhani upande ule hakuna mtu," nikasema.